Kaliba: Kalibu Iliyorudi kwa Reli

Tangu Mbwana Samatta aisaidie TP Mazembe ya Lubumbashi kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, kila mshambuliaji wa Kitanzania anayechipukia hupimwa kwake. Ama ni wa kaliba ya Samatta, ama bado. Msomaji wa kurasa za michezo hahitaji kamusi hapo: kaliba ni kiwango, ni uzito wa mtu katika kazi yake.

Ukitoka Lubumbashi ukashika barabara ya kusini-magharibi, baada ya kilomita 30 hivi unafika Kipushi, mji wa mgodi wa Katanga, Kongo, uliokaa mpakani kabisa na Zambia. Huko neno hilo hilo hutamkwa kwa ulimi wa Kifaransa, kalibre, wala halina habari na mpira. "Kalibre 12" ni bunduki ya kuwindia. Msemaji hana haja ya kutanguliza neno bunduki. Fulani ana kalibre 12 kama ambavyo mwingine ana baiskeli.

Mimi neno hili lilinikamata nilipokuwa nikitafsiri habari za mafundi wa Marekani wanaofufua bunduki kuukuu za kaliba ndogo na kuzigeuza ziwafae wawindaji wa kindi. Sentensi ya kwanza ilinila asubuhi nzima. Ndogo kuliko nini? Na bunduki inageuzwaje kaliba, kama si kwa kuiuza na kununua nyingine?

Tuanze na mnyama, maana yeye ndiye anayeamua kipimo. Kindi wa misitu ya miombo ya Katanga, yule anayepiga kelele mtini akimwona nyoka mpaka msitu mzima ujue, ana uzito wa gramu 200 hivi. Ukimpiga kwa risasi ya bunduki ya kijeshi huokoti nyama, unaokota mkia. Ndiyo sababu huku kwetu kindi hajawa mnyama wa bunduki. Ni wa watoto, wa mitego na manati. Mtu mzima akimlengea kindi kalibre 12, jirani watauliza kama amekosa pa kutupia pesa za risasi.

Kwa Wamarekani ni jambo jingine. Wakulima wa zamani wa kule walikuwa na bunduki ndefu za kushindilia kwa mdomo, zenye tundu jembamba la milimita 8 au 9, ambazo jina lake lilikuwa bunduki za kindi. Septemba 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kusini lilipoutishia mji wa Cincinnati, zaidi ya raia 15,000 wa Ohio walikwenda kuulinda na silaha za nyumbani, na wakaitwa Wawinda Kindi. Jina hilo lilikuwa sifa: anayempata kindi kichwani juu ya mti mrefu hatamkosa adui. Baadaye ikaja risasi ya nukta 22. Ya kwanza, fupi, ilitoka kwa Smith & Wesson mwaka 1857; ile ndefu inayotumika hadi leo ilitoka mwaka 1887. Kipande chake cha risasi kina gramu 2.6 tu. Nyama inabaki nyama.

Nukta 22 ya nini, basi? Ya inchi. Kipenyo cha tundu la mtutu ni sehemu 22 za mia za inchi moja, yaani milimita 5.6. Hiyo ni njia ya kwanza ya kuhesabu kaliba, ya Waingereza na Wamarekani. Njia ya pili ni ya milimita moja kwa moja: Mauser ya Wabelgiji ya mwaka 1889, ile ambayo kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa ili kuitengeneza, ilikuwa ya milimita 7.65.

Njia ya tatu ndiyo ya mwindaji wa Kipushi, nayo ina ujanja wake. 12 ya kalibre 12 si milimita wala inchi. Ni hesabu ya gololi. Chukua ratili moja ya risasi, yaani madini yenyewe, gramu 453.6, uigawe katika gololi 12 zinazolingana. Kila moja itakuwa na gramu 37.8, na upana wake utakuwa milimita 18.5. Huo ndio upana wa tundu la kalibre 12. Ukiigawa ratili hiyo hiyo katika gololi 20, kila gololi inapungua na tundu linashuka hadi milimita 15.6. Kwa hiyo hapa namba ikipanda, bunduki inashuka. Mtu aliyezoea nukta 22 na nukta 45, ambako namba kubwa ni tundu kubwa, akisikia kuna 12, 16 na 20 atachagua kinyume cha alichokusudia.

Kiingereza kina maneno mawili hapa, moja la bunduki zenye risasi moja na jingine la bunduki za marisau. Kifaransa kina moja tu, calibre, nacho ndicho kilichomlea mwindaji wa Kipushi. Anayetafsiri kutoka Kiingereza kwa ajili ya msomaji wa Katanga anavuka mito miwili kwa mtumbwi mmoja.

Baadhi ya wenzangu hupendekeza tuachane na ukopaji na tuandike "kipenyo cha mtutu". Ni Kiswahili safi, na mwanafunzi wa hisabati anakielewa mara moja. Lakini kinadanganya. Risasi ya kindi ya nukta 22 na ile ya milimita 5.56 ya bunduki za kijeshi hupita katika mitutu ambayo vipenyo vyake vinakaribia kulingana. Ya kwanza inaua kindi. Ya pili ina nguvu ya zaidi ya mara kumi, na ganda lake refu halitaingia kabisa katika bunduki ya ile ya kwanza. Kipenyo ni kimoja, kaliba mbili. Kumbe mtu anayetaja kaliba hataji upana peke yake. Anataja umbo zima ambalo risasi, ganda na mtutu vimekubaliana.

Umbo zima. Hapo ndipo nilipoacha kamusi za silaha nikafungua za wahunzi.

Neno calibre la Kifaransa lilitoka kwa Waitaliano, calibro, nao walilipata kwa Waarabu: qalib, kifaa cha kutilia kitu kiyeyukacho kipate umbo. Waarabu nao, kwa maelezo yanayokubalika zaidi, walilitoa kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa mguu wa mti, ule ambao fundi viatu hushonea ngozi. Sasa msomaji wa pwani ameshaona ninakokwenda. Qalib hiyo hiyo ilishuka kwa jahazi hadi kwetu karne nyingi kabla ya Mbelgiji yeyote kukanyaga Katanga, na sisi tunaiita kalibu: chombo cha mhunzi au mfua fedha cha kusubia madini. Kaliba na kalibu ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikuja na kaskazi. Mwingine alizunguka Ulaya akajifunza baruti, akapanda meli hadi Cape Town, kisha akapanda reli iliyofika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Walipokutana hawakutambuana.

Na undugu wao si wa herufi tu. Bunduki ndefu za kindi nilizozitaja zilitengenezwa moja moja kwa mkono, na hakuna mitutu miwili iliyolingana kabisa. Fundi alipomkabidhi mteja bunduki alimpa na kalibu yake ya kusubia risasi, kwa sababu risasi ya bunduki ya jirani isingemfaa. Kalibu ikipotea, bunduki inakuwa fimbo. Kwa mwindaji yule, kuuliza "kaliba gani?" kulikuwa sawasawa na kuuliza "kalibu ipi?"

Nina sababu ya kulisimulia hili nikiwa na Kipushi akilini. Katanga ni nchi ya kalibu kuliko nyingi. Kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, wahunzi wa huko, wale waitwao wala shaba, waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakasubu shaba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha ya biashara, na mitatu kati yake ilichorwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Mgodi wa Kipushi wenyewe, ambao Wabelgiji waliuita Prince Léopold, ulianza kuchimbwa mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Ganda la risasi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30. Kipande kinachoruka ni madini ya risasi. Shaba, zinki na risasi, zote tatu zimo katika mwamba wa Kipushi. Huko neno "risasi" linaweza kutoka chini ya ardhi au kutoka mdomoni mwa mtutu, na msikilizaji atajua kwa kumtazama msemaji amevaa kofia gani.

Turudi kwenye kugeuza. Bunduki kuukuu hugeuzwa kaliba kwa njia mbili kubwa. Kuna kupanua: mtutu ulioliwa na kutu hukwanguliwa upya ndani, mifuo, yaani michirizi ya ndani ya mtutu, ikachongwa tena, tundu likaongezeka. Mafundi wa zamani walifanya hivyo mara kwa mara, na kila mara mwenye bunduki alihitaji kalibu mpya. Njia ya pili ndiyo inayowahusu zaidi watu wa kindi, nayo ni kupunguza: ndani ya mtutu mpana huingizwa mtutu mwembamba. Jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki ya Martini-Henry iliyopokelewa mwaka 1871, tundu lake milimita 11.43. Ili askari wajifunze shabaha bila kumaliza risasi za bei, uliwekwa ndani yake mrija mwembamba ulioitwa mrija wa Morris. Baadaye Martini nyingi ziligeuzwa moja kwa moja kuwa za nukta 22 kwa ajili ya vijana wa mafunzo, na hizo ndizo ambazo leo wapenzi wa vitu vya kale huzitafuta.

Mbinu hii ya mrija tuiiteje? Fundi wa magari wa Lubumbashi anayo tayari. Mrija unaotiwa ndani ya silinda ya injini iliyolika anauita chemise, yaani shati, kwa Kifaransa. Pwani neno hilo tunalo pia, shimizi, ila kwetu ni vazi la ndani la kike, na sitamshauri mwandishi yeyote aseme bunduki imevalishwa shimizi. Lakini picha ni nzuri. Nasema kuvika: mtutu umevikwa, mtutu wa kuvikwa, uvikaji wa mtutu. Mtu asiyewahi kushika bunduki anaona mara moja kwamba kilichoongezwa kiko mwilini mwa kile cha zamani, na cha zamani hakikutupwa.

Neno "kugeuza" nalo libaki, tena lina historia Kongo. Albini, bunduki ya milimita 11 iliyobebwa na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, ilikuwa ya mtindo ambao Ubelgiji iliupokea mwaka 1867 ili kugeuza bunduki zake za kushindilia kwa mdomo ziwe za kushindilia kwa nyuma. Mwafrika raia hakuruhusiwa hata hiyo. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliokusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha zenye mifuo kuingia katika eneo kubwa la bara kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Zilizoachiwa mlango, kwa masharti, ni gobori za jiwe zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Kwa hiyo tofauti ya mfuo na mtutu laini, ambayo kwa Mmarekani ni suala la shabaha, kwetu ilikuwa suala la nani ni nani.

Kuhusu sheria ya leo ni maneno machache. Kongo ina sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na nyingine ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985. Bunduki ni ya kibali, na kuigeuza ni kazi ya fundi aliyeruhusiwa. Mtutu uliovikwa vibaya humpasukia anayelenga.

Nilivyoitafsiri hatimaye sentensi yangu ni hivi: mafundi hao "huzivika mitutu bunduki za zamani ili zipate kaliba ndogo ya kuwindia kindi". Haina ufahari, ila inasomeka Kipushi na inasomeka Tanga.

Kwa wahariri wenzangu, basi. Kaliba iandikwe kwa bunduki za risasi moja, na kipimo kisiachwe peke yake: nukta 22 ya inchi, au milimita 7.65. Kwa bunduki za marisau andikeni namba: bunduki ya marisau namba 12. Kipenyo kibaki cha hisabati. Kalibu ibaki ya mhunzi. Na mwindaji wa Kipushi akisema kalibre 12, msimsahihishe. Mwekeeni alama za mnukuo mwendelee.