Anguko la Mawakili katika Tamthilia ya "Better Call Saul": Mwanga wa Mafundisho ya Kanisa

"Better Call Saul" ni tamthilia ya kisheria ya Marekani iliyotungwa na Vince Gilligan na Peter Gould, na kuoneshwa na kituo cha AMC kuanzia mwaka 2015 hadi 2022, katika misimu 6. Inasimulia jinsi Jimmy McGill, wakili wa mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico, anavyogeuka hatua kwa hatua kuwa Saul Goodman, mtetezi na mshirika wa wahalifu.

Jimmy: jeraha lisiloponywa

Katika ujana wake Jimmy aliishi kwa utapeli. Kaka yake Chuck, wakili mashuhuri, alimtoa kifungoni na kumpa kazi ya kugawa barua katika kampuni yake ya uwakili. Jimmy akasoma sheria kwa njia ya posta, akafaulu. Hata hivyo, Chuck alizuia kwa siri asiajiriwe humo kama wakili. Mtu aweza kuiheshimu sheria yote na bado akapungukiwa upendo kwa ndugu yake.

Jeraha hilo laeleza uchungu wa Jimmy, lakini halihalalishi matendo yake. Alighushi namba ya anwani katika hati ili Chuck apoteze mteja, kisha akamwaibisha mbele ya baraza la nidhamu. Akamfarakanisha bibi mzee na rafiki zake ili kesi imalizike upesi, naye apate fedha. Katika tukio hilo alijutia, akajifichua mbele ya wazee hao. Lakini hakudumu katika njia hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 1865) inafundisha kwamba dhambi hujenga mwelekeo wa kutenda dhambi, na kwa kurudiwa huzaa kilema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kim: uovu uliovaa vazi la wema

Kim Wexler, mkewe Jimmy, ni wakili hodari anayewatetea maskini bila malipo. Anguko lake ni la hila zaidi. Anakubali kumpaka matope Howard Hamlin, wakili mwenzake, aonekane mtumiaji wa dawa za kulevya, ili kesi kubwa imalizike na fedha zake zigharimie utetezi wa wanyonge. Howard anakuja nyumbani kwao kuwauliza kwa nini wamemtendea hivyo; papo hapo anapigwa risasi na jambazi aliyewahi kuwa mteja wa Jimmy.

Kanisa linafundisha (na. 1753) kwamba nia njema haiwezi kuligeuza tendo ovu kuwa jema. Tena amri ya nane inakataza kumharibia mtu jina (na. 2477), na aliyefanya hivyo anawajibika kulipiza (na. 2487).

Njia ya kurudi

Kim anaachana na uwakili na ndoa yake. Miaka baadaye anaandika maelezo ya kiapo na kuyapeleka kwa mjane wa Howard na kwa vyombo vya sheria. Jimmy naye, akiwa amekwisha kukubaliwa kifungo cha miaka 7 na nusu, anasimama mahakamani akikiri yote, hata ubaya aliomtendea Chuck, ambao hakuna sheria iliyomshtaki kwao. Analitwaa tena jina lake la kuzaliwa, na kuhukumiwa miaka 86.

Maungamo hayo si Sakramenti ya Kitubio. Hata hivyo yanatukumbusha matendo matatu ya mwenye kutubu: majuto, maungamo na malipizi. Msamaha hauondoi wajibu wa kurekebisha madhara.

Kwa tafakari

Tamthilia hii ina ukatili, hivyo yawafaa watu wazima. Anayeitazama na ajiulize: Ni uongo gani mdogo nimeuzoea hata haunisumbui tena? Ni nani nimemharibia jina, nami sijamrudishia heshima yake? Aliye na jibu asingoje mahakama. Padre yupo kitubioni.