Mitambo ya upepo ikikunyima usingizi: malalamishi yako hupitia wapi?

Mtambo wa upepo hautoi moshi wala hauchomi mafuta. Lakini ukisimikwa karibu na boma lako, unaweza kukuletea sauti usiku kucha: vuu, vuu, vuu, kila bawa linapopita. Wapo wanaoizoea upesi. Wapo wasioizoea kamwe, na hao ndio wanaotuuliza: je, serikali inaweza kufanya lolote?

Inaweza. Sheria ya Kenya inampa mwananchi nafasi ya kulalamika na inataja kiwango cha kelele kisichopaswa kupitwa. Hata hivyo, malalamishi mengi ya kelele hukwama kwa sababu moja: sauti husikika usiku, na ukaguzi hufanywa mchana. Ndiyo maana tumeandaa maelezo haya.

Kwa nini usiku?

Kelele nyingi za mtambo hutokana na mabawa yanapokata hewa. Nyingine hutoka kwenye mashine zilizo juu ya mnara, hasa kukiwa na hitilafu.

Mchana upepo huvuma hadi chini. Miti inavuma, mabati yanagonga, watu na mifugo wana shughuli zao, na sauti ya mtambo inamezwa humo. Usiku hewa ya chini hutulia, lakini kule juu kwenye mabawa upepo unaendelea. Mtambo unazunguka vilevile, ila hakuna tena sauti ya kuufunika. Na nyumba iliyo upande ambao upepo unaelekea husikia zaidi kuliko iliyo upande unakotoka.

Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuishi umbali sawa na mtambo, mmoja akalala fofofo na mwingine akakesha, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Sheria inasema nini?

Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, EMCA, zinaweka viwango kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa eneo la makazi:

- Nje ya nyumba: 50 mchana, 35 usiku.
- Ndani ya nyumba: 45 mchana, 35 usiku.

Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni sauti ndogo, karibu na mnong'ono. Tena desibeli hazihesabiki kama kilo za mahindi: zikipanda 10 tu, sikio huona kama sauti imekuwa mara mbili. Hivyo 45 usiku si kuzidisha kidogo.

Kanuni hazitazami namba peke yake. Zinakataza pia kelele isiyo ya lazima inayosumbua watu, na zinataja mambo ya kupimwa: ni saa ngapi, iko karibu kiasi gani na makazi, inajirudia au ni ya mara moja, ina nguvu kiasi gani, na kama mwenye kuitoa anaweza kuipunguza bila gharama wala taabu kubwa. Shika hilo la mwisho, tutalirudia.

Nani anahusika?

Kampuni yenyewe. Mradi mkubwa hupewa leseni ya mazingira baada ya tathmini ya athari, na leseni huja na masharti. Baada ya hapo kampuni hutakiwa kukaguliwa kimazingira kila mwaka. Anzia hapo: peleka malalamishi kwa ofisi ya kampuni kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

NEMA. Mamlaka hii ndiyo iliyotoa leseni, na ina maafisa katika kaunti. Inaweza kukagua, kupima sauti, kudai kampuni itimize masharti, na kutoa amri ya kurekebisha madhara.

Serikali ya kaunti. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Ndiyo sababu mtu huambiwa "nenda kaunti" akifika NEMA, na "nenda NEMA" akifika kaunti. Ili usizungushwe, andika barua moja, ipeleke kote kuwili, na juu yake onyesha kwamba nakala imekwenda upande wa pili.

EPRA. Hii hushughulikia leseni za kuzalisha umeme. Kama kampuni haijibu wananchi, EPRA nayo ipate nakala.

Afisa hupima vipi?

Kipimo hufanywa kwa mashine maalumu. Simu yako ina programu za kupima sauti, nazo zinasaidia kuonyesha kuna jambo, lakini si ushahidi wa kutegemea peke yake.

Afisa makini hupima pale mlalamishi anapolala au nje ya nyumba yake, si chini ya mnara. Hupima usiku, upepo ukiwa ule ule unaolalamikiwa. Tena hupima mara mbili: mitambo ikizunguka na ikiwa imesimamishwa, kwa sababu upepo wenyewe una sauti, na bila kulinganisha kampuni itasema kilichopimwa ni upepo.

Sasa fikiria afisa amefika saa sita mchana, upepo umelala, mabawa yamesimama. Ataandika kwamba hakuna kelele, na hatakuwa amedanganya. Lakini wewe utakuwa umepoteza miezi.

Kinachozuia hilo ni daftari. Kwa angalau wiki mbili andika kila usiku:

- Tarehe, na saa kelele ilipoanza na ilipokoma.
- Upepo ulitoka upande gani, ulikuwa mkali au mtulivu.
- Sauti ilikuwaje: ya kuvuma, ya kugonga, ya kukwaruza au ya kunguruma.
- Ulikuwa ndani au nje, na nani mwingine aliisikia.
- Usiku ambao hakukuwa na kelele. Usiuache, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba huandiki kwa chuki.

Daftari humwambia afisa aje lini. Kampuni nayo ina kumbukumbu za kila mtambo, ulizunguka saa ngapi na kwa kasi gani. Zikilinganishwa na daftari lako, ukweli hujitokeza. Majirani wakiandika kila mmoja lake, uzito huongezeka.

Kampuni inaweza kuamriwa nini?

Watu wengi huogopa kulalamika wakidhani suluhisho ni kufunga mradi, na humo mna ajira na kodi ya ardhi ya jirani. Si lazima ifike huko. Bawa lililochakaa au mashine yenye hitilafu hurekebishwa. Mitambo mingi ya kisasa inaweza kupangwa izunguke polepole saa fulani, au mtambo mmoja ukasimamishwa usiku upepo unapovuma kuelekea nyumba fulani. Hapo ndipo linapoingia lile swali la kanuni: je, inaweza kupunguzwa bila gharama wala taabu kubwa? Liulize kwenye barua yako.

Usiporidhika?

Kamati ya Kitaifa ya Malalamishi ya Mazingira, NECC, huchunguza malalamishi ya wananchi na kutoa mapendekezo. Anayepinga uamuzi wa kutoa leseni hukata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na muda ni siku 60, kwa hiyo usikawie. Iko pia Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinakuruhusu kuitetea mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba umepata hasara.

Mahakama za nje zimeshaamua mambo kama haya. Mwezi Machi 2022, Mahakama Kuu ya jimbo la Victoria, Australia, iliwapa ushindi majirani wawili wa mradi wa upepo wa Bald Hills waliolalamika kwa miaka. Walipewa fidia ya jumla ya dola 260,000 za huko, na kampuni ikaamriwa kukomesha kero hiyo usiku. Kampuni ilikuwa na kibali cha serikali, lakini haikuweza kuthibitisha kwamba ilitimiza masharti ya kelele yaliyokuwemo.

Kama mradi bado haujaanza

Huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Kabla ya leseni, ripoti ya tathmini hutangazwa, na redio ni mojawapo ya njia za kuitangaza, ili wananchi watoe maoni. Ukisikia tangazo hilo, uliza mambo matatu: mtambo wa karibu utakuwa mita ngapi kutoka kwangu? Sauti itakuwa desibeli ngapi usiku mlangoni pangu? Na je, ukimya wa sasa umepimwa? Kipimo cha kabla ya mitambo hakiwezi kupatikana tena ikishasimama.

Msikilizaji, afisa hawezi kupima usingizi ulioupoteza mwaka jana. Kwa hiyo leo jioni, weka kalamu na daftari karibu na kitanda.