Hongo ya Suwarora: Matembezi ya Mstaafu katika Maktaba za Mtandaoni

Mstaafu ana mali moja asiyokuwa nayo mwalimu aliye kazini, nayo ni wakati. Sehemu ya wakati wangu, bando likiruhusu, huitumia kutembelea maktaba za mtandaoni. Huku Nyamigogo, wilayani Biharamulo, vitabu vya karne ya 19 havipatikani dukani wala kabatini mwa shule. Kwenye simu vinapatikana, tena bila malipo. Nitazitaja tovuti chache zinazostahili saa za mapumziko za mpenzi wa lugha, lakini nitapitia kwenye neno moja, hongo, kwa kuwa ndilo lililonionyesha thamani ya matembezi haya.

Project Gutenberg ilianzishwa Marekani na Michael Hart mwaka 1971. Humo kimo kitabu cha John Hanning Speke kuhusu safari yake ya kutafuta chanzo cha Mto Nili, kilichochapishwa mwaka 1863. Speke na mwenzake Grant walipita pande zetu mwaka 1861, wakitoka Kaze, ambayo ni Tabora ya leo, kwenda Karagwe kwa mfalme Rumanika. Sura nzima ya kitabu imepewa jina la Usui, yaani nchi ya Wasubi, ambayo Biharamulo imo ndani yake. Mtawala wake anaandikwa Suwarora.

Sura ile karibu yote ni malalamiko, na kinacholalamikiwa ni hongo. Leo kudai hongo, nguo na shanga na waya. Kesho mjumbe mwingine, dai jingine. Bombay na Baraka, viongozi wa msafara, wanagombana wao kwa wao huku bwana wao akihesabu mizigo inavyopungua. Msomaji wa London bila shaka aliifunga sura ile akiamini kwamba Usui ilikuwa nchi ya wanyang’anyi.

Lakini lisome neno lenyewe lilivyotumika. Hongo katika kurasa zile ni malipo ambayo mtawala huutoza msafara unaopita nchini mwake. Wajumbe wake huyadai waziwazi, kiasi hujadiliwa mbele za watu, na yakishatimia ngoma hupigwa na njia hufunguliwa. Hiyo ni forodha. Malori yanayopita kwetu kwenda Rwanda husimama Rusumo yakakamilisha taratibu za mpakani, na dereva hunung’unika kama Speke alivyonung’unika, ila hakuna anayemwita afisa wa forodha mnyang’anyi. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa tu, kitu cha kupokelewa chini ya meza. Mshairi anayelitumia anapaswa kujua kwamba lilipata kusimama mchana kweupe, likidaiwa kwa jina la mfalme.

Jina Usui nalo lina kisa. Sisi wa huku husema Abasubi na Abazinza. Speke ameandika Wasui na Wazinza. Hakuyabuni. Aliyapokea kutoka vinywani mwa watu wa msafara waliosema Kiswahili, na Kiswahili kina desturi ya kuiangusha au kuilegeza b ya lugha za bara: aba- ikawa wa-, kubona kukawa kuona, kubumba kukawa kuumba. Buganda ilipata kuwa Uganda kwa njia hiyohiyo. Hivyo wanaotuambia kwamba Kiswahili kililetwa kwetu na shule na serikali, nawaomba waisome sura ile. Mwaka 1861 Kiswahili kilikwisha kufika hapa kwa miguu, na kilikwisha kututangaza ulimwenguni kwa matamshi yake.

Kasoro kubwa ya Speke ni kwamba wapagazi wake hawasemi ila kupitia kwake. Kwa hiyo baada ya Gutenberg huvuka kwenda Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambako vimo vitabu alivyovihariri Carl Velten wa Berlin. Katika Safari za Wasuaheli, cha mwaka 1901, Selemani bin Mwenye Chande anasimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, safari yake ya bara. Katika Desturi za Wasuaheli, cha mwaka 1903, sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na kufariki huko mwaka 1927. Nathari yao ni nyepesi, sentensi fupi, vitenzi vingi, mapambo machache. Laiti ningalikuwa nayo darasani! Wanafunzi wangu wa insha waliamini kwamba Kiswahili kizuri ni lazima kiwe kizito.

Washairi watapenda zaidi mkusanyo wa miswada ya Kiswahili wa chuo cha SOAS, London, wenye karatasi za W. E. Taylor na William Hichens. Nyingi zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na kwa asiyezisoma huo ni ukuta. Hata hivyo kuitazama hati ya mkono iliyohifadhi beti za Mombasa kunafaa hata kabla ya kuisoma. Jarida la Swahili Forum, lililoanzia Ujerumani mwaka 1994, lina makala za uchambuzi, nyingine kwa Kiswahili, na zote husomwa bure. Wikipedia ya Kiswahili, ya tangu mwaka 2003, ni pana kuliko ilivyo ndefu: kata zetu nyingi zimo, kila moja kwa mistari michache na hesabu ya watu.

Neno la mwisho ni la kiufundi. Mashine hutafuta herufi ulizoandika, haitafuti ulichokusudia. Ukiandika Rusubi katika kitabu cha Speke hutapata kitu, andika Usui. Karagwe iandike Karague, na Unyamwezi uandike Unyamuezi. Kwa vitabu vya Wajerumani andika Suaheli, na sh yetu ijaribu kama sch. Ukikipata kitabu, kipakue usiku, bando la usiku ni nafuu.