Dawa ya Kromosomu Fupi

Juma lililopita tulisema kwamba dawa za kwanza za saratani ziliua chembe mbovu na njema pamoja. Leo tutazame dawa ya aina moja ya saratani ya damu.

Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Marekani, Peter Nowell na David Hungerford waliona kwa darubini kwamba chembe za wagonjwa hao zina kromosomu moja fupi mno. (Kromosomu ni nyuzi zibebazo urithi.) Kwa nini fupi? Daktari Janet Rowley wa Chicago alikata picha za kromosomu kwa mkasi juu ya meza ya chakula, watoto wake wakimtania kuwa achezea wanasesere wa karatasi! Mwaka 1973 alionyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Baadaye ikajulikana kwamba hapo zilipoungana hutokea protini iamuruyo chembe kuzaana bila kukoma.

Kampuni moja ya Uswisi ikatengeneza imatinibu, dawa ya kuizuia protini hiyo, kisha ikasitasita, maana wagonjwa ni wachache. Daktari Brian Druker wa Oregon akashikilia ijaribiwe. Jaribio likaanza mwaka 1998, kwa watu ambao matibabu ya awali hayakuwafaa. Kati ya 54 waliomeza miligramu 300 au zaidi kila siku, 53 hesabu ya chembe za damu yao ikarudi kuwa ya kawaida.