usaha

Lugha: Kimalei na Kiindonesia
Aina: nomino
Matamshi: u-sa-ha, kama linavyoandikwa

Maana

1. Juhudi au jitihada inayoelekezwa kwenye lengo fulani. *Terima kasih atas usaha anda*: Asante kwa juhudi zako.
2. Shughuli ya kujipatia riziki, biashara. *Dia membuka usaha kecil*: Amefungua biashara ndogo. Maana hii imeshamiri zaidi nchini Indonesia.

Asili

Neno hili limetokana na Kisanskriti *utsāha*, lenye maana ya nguvu ya moyo, ari na uthabiti. Limeundwa kwa kiambishi *ut-* (juu) na mzizi *sah* (kustahimili, kuweza, kushinda). Katika *Natyashastra*, kitabu cha kale cha India kuhusu sanaa ya tamthilia, *utsāha* ndiyo hisia iliyo msingi wa ushujaa, *vīra*. Lilipoingia katika Kimalei, neno lilipoteza sauti *t*, na maana yake ikasogea hatua kwa hatua: kutoka ari ya moyoni hadi tendo la kujitahidi, kisha hadi kazi inayomlisha mtu, na hatimaye hadi taasisi inayoendesha kazi hiyo.

Lugha jirani zilipita njia inayokaribiana na hiyo. Kitai kilichukua *utsāha* na kuliunganisha na *karma* (tendo) kupata *utsahakam*, yaani sekta ya viwanda.

Maneno yaliyonyambuliwa

- *berusaha*: kujitahidi, kufanya biashara.
- *mengusahakan*: kushughulikia jambo hadi litimie, kuendesha au kulima. *Mengusahakan kebun getah*: kuendesha shamba la mpira.
- *pengusaha*: nchini Indonesia, mfanyabiashara, nchini Malaysia, aghalabu mwendeshaji wa huduma, kama vile teksi au kantini.
- *usahawan*: mjasiriamali, hasa nchini Malaysia.
- *wirausaha*: mjasiriamali, nchini Indonesia. *Wira* ni shujaa.
- *perusahaan*: tazama hapa chini.

Matumizi

Mfasiri hujikwaa zaidi kwenye *perusahaan*. Katika Kiindonesia cha leo, neno hili ni kampuni. Nchini Malaysia, kampuni huitwa *syarikat*, na *perusahaan* katika lugha ya sheria huhusu viwanda na ajira. *Akta Perhubungan Perusahaan 1967* ni sheria ya mahusiano kati ya waajiri na wafanyakazi, na *Mahkamah Perusahaan* ni mahakama inayoamua migogoro yao. Anayeiita «Mahakama ya Makampuni» kwa kufuata kamusi ya Kiindonesia humpeleka msomaji kwenye mlango usio wake, kwani mfanyakazi aliyeachishwa kazi hatatambua kwamba shauri lake ndilo linalosikilizwa hapo. Hata hivyo, majina rasmi huweza kwenda kinyume cha kanuni hii: jina la kampuni ya magari ya Proton, iliyoanzishwa Malaysia mwaka 1983, ni ufupisho wa *Perusahaan Otomobil Nasional*.

*Syarikat* nalo lina mtego wake. Limetoka katika Kiarabu, kama *shirika* la Kiswahili, lakini tafsiri yake ya kawaida ni «kampuni».

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua kati ya «juhudi» na «biashara», inafaa kuuliza mambo mawili: neno limebeba viambishi gani, na matini imetoka nchi ipi? Pale ambapo *usaha* limesimama peke yake, maneno yanayoandamana nalo huamua. Likifuatwa na kivumishi cha ukubwa, kama *kecil* (dogo), au likitanguliwa na *membuka* (kufungua), mara nyingi ni biashara. Likiandamana na *keras* (kwa nguvu), kwa kawaida ni juhudi.

Linganisha na Kiswahili

Kiswahili hutenganisha *juhudi* na *biashara*, na hakina neno moja la kawaida linalozibeba zote mbili. Hata hivyo, *ujasiriamali*, lililoundwa kwa *jasiri* na *mali*, linakutana na *wirausaha* katika wazo lilelile: kwamba anayeanzisha biashara huhitaji moyo wa kishujaa. Kwa sababu hiyo, «mjasiriamali» ni tafsiri ya *wirausaha* inayohifadhi maana pamoja na taswira yake.