Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, Kisumu, na Suala la Lugha ya Ibada

Mgeni aingiaye Kisumu na kushika njia ya soko la Kibuye hakosi kuliona Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, kiti cha Askofu Mkuu wa Wakatoliki wa jimbo hilo. Kiswahili akisikiacha madhabahuni aghalabu hudhaniwa kwamba kilipanda kutoka pwani pamoja na reli na msalaba. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Reli ilikileta, msalaba ulitokea upande mwingine.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Lakini mpaka wa serikali haukuwa mpaka wa kanisa. Tangu 1894 upande huo wa ziwa ulikuwa chini ya Vikariati ya Naili ya Juu, waliyokabidhiwa Wamishenari wa Mill Hill wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, makao yake Nsambya, Kampala. Vikariati hiyo yenyewe ilizaliwa na siasa: baada ya vita vya Mengo vya 1892, Ukatoliki ulikwisha kuonekana katika Buganda kuwa ni dini ya Wafaransa, na Roma ikaona heri kuwaleta mapadri kutoka Uingereza.

Kwa hiyo mapadri walioanza kazi Kisumu mwaka 1903, na Mumias mwaka uliofuata, walitokea magharibi. Waliandamana na makatekista wa Kiganda na mafundisho ya Kiganda, ilhali Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokaa Bagamoyo tangu 1868, walikuwa wamekwisha zoea kuhubiri kwa Kiswahili. Hadi ilipoundwa Prefektura ya Kavirondo mwaka 1925, chini ya Mholanzi Gorgonius Brandsma, Mkatoliki wa Kisumu alitozwa kodi na Nairobi na kubatizwa kwa idhini ya Nsambya. Waanglikana nao hawakuwa mbali na hali hiyo. Kavirondo yao ilikuwa katika dayosisi ya Uganda hadi 1921.

Kiswahili, basi, kilikuwa lugha ya stesheni, ya askari na ya duka la Mhindi. Misa ilisomwa kwa Kilatini, na mafundisho yakahamia katika Kiluo na lugha za Waluyia. Kiswahili hakikupita mlango wa katekisimu. Kilipenya kwa haja ya watu wa mjini wasiosikilizana kwa lugha za kwao.

Hata hivyo, kueleweka hakukuwa jambo pekee lililotafutwa katika lugha ya ibada. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iliyozifungulia mlango lugha za wenyeji. Mwaka huohuo Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walikuwa wakikusanya wafuasi wengi, Waluo hasa, katika Legio Maria, dhehebu lililojitenga na Roma. Ingetarajiwa watu hao wakitupe Kilatini kwanza kabisa. La, walikishika, pamoja na mavazi ya kipadri na rozari, wakakichanganya na Kiluo. Kilatini kilikuwa kwao lugha yenye nguvu, na nguvu hiyo hawakuwa tayari kuiacha Kibuye. Kanisa mama likawa linakiweka kando wakati uleule wana wake waliotoka walipokuwa wakikibeba vijijini.