Ushuru wa Soko na Heshima ya Mama: Historia Kutoka Kasubi



Kasubi ni jina linalojulikana kwa makaburi ya wafalme wa Buganda. Hapo ndipo Kabaka Muteesa wa Kwanza alipojenga kasri lake mwaka 1882 na kuzikwa mwaka 1884. Waislamu tunamkumbuka kwa mambo mawili: alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1876 akaamuru kuuawa vijana wa Kiislamu waliosimama na dini yao. Lakini leo hatuzungumzii makaburi. Tuteremke hadi soko la Kasubi, kando ya barabara ya Hoima, ambako akina mama huuza matoke, nyanya na maharagwe. Tunajiuliza: mama huyu anayelipa ushuru kila siku, serikali zilimwonaje?

Ushuru ulianza lini?

Tusidhani ushuru wa soko uliletwa na Mzungu. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 kuhusu Waganda, aliandika kuwa watumishi wa Kabaka walitoza sehemu ya kumi ya thamani ya kilichouzwa sokoni.

Waingereza walikuja na karatasi. Tarehe 10 Machi 1900 Sir Harry Johnston alitiliana mkataba na machifu wa Buganda. Kila nyumba ya kuishi ilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na kila bunduki rupia 3. Mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, kiongozi wa Waislamu, alitengewa maili 24 za mraba yeye na wafuasi wake. Mkataba uliahidi kuwa wenyeji hawatatozwa kodi nyingine ya ndani bila ridhaa ya Kabaka na baraza lake. Sasa tazameni hapa, wanafunzi: ahadi hiyo haikugusa kodi za mji, taa, maji na ushuru wa masoko. Mlango huo uliachwa wazi.

Mwaka 1942 ikaja sheria ya masoko. Wenye haki ya kuanzisha soko wakawa ni mamlaka za serikali tu. Aliyepanga kikapu chake ndani ya soko alilipa na kutambuliwa. Aliyekipanga nje, hata kama alikuwa mjane mwenye watoto, alikuwa mtu wa kufukuzwa.

Na ulinzi wa wanawake?

Mji ulipokua, wanawake walikuja kutafuta riziki. Wapo waliokimbia ndoa za mateso, wapo waliofiwa na waume. Waliuza chakula kilichopikwa, walipangisha vyumba, na wengine walipika pombe. Kwa Kiganda mwanamke wa namna hii aliitwa nakyeyombekedde, yaani aliyejijengea mwenyewe. Neno hilo halikuwa la sifa.

Wazee wa Lukiiko na maofisa wa Kiingereza walisema wanataka kuwalinda wanawake na maadili. Buganda ilipitisha sheria ya kuadhibu uzinzi mwaka 1918, na ya kuzuia ukahaba mwaka 1941. Mwanahistoria Nakanyike Musisi ameonyesha jinsi mwanamke aliyeishi peke yake mjini alivyohesabiwa kuwa mwanamke mbaya.

Hatusemi zinaa ni jambo dogo. La hasha! Tunachosema ni kwamba kumkinga mama asidhulumiwe ni jambo moja, na kumshuku kwa sababu tu anajitafutia riziki ni jambo jingine. Suratun-Nur, aya ya 4, inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne, la sivyo mtuhumu mwenyewe ndiye anayeadhibiwa. Wangapi kati ya walionyooshewa kidole walitendewa haki hiyo?

Masoko ya usiku

Akina mama hawakukata tamaa. Hasa miaka ya 1970, maisha yalipokuwa magumu chini ya Idi Amin, masoko ya jioni yalienea Kampala. Bidhaa zilitandazwa chini kwenye mwanga wa vibatari, na watu wakayaita "toninnyira mu kange", yaani usinikanyagie changu. Ada za shule za watoto wengi zilitoka hapo.

Sheria ile ya mwaka 1942 iliendelea kwa takriban miaka themanini hadi Uganda ilipotunga nyingine mwaka 2023. Wakoloni walikuwa wameondoka zamani, tangu 1962.

Tunajifunza nini?

Anayepokea ushuru anabeba amana. Mlipaji anastahili choo safi, paa lisilovuja, usalama wa usiku na heshima. Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu: tusimpunje mama wa sokoni, wala tusimsengenye kwa kuwa anarudi nyumbani usiku.

Wazazi, jioni ya leo waulizeni watoto: bibi yetu aliuza nini, na ni nani aliyemlinda? Kama bibi yu hai, mwacheni ajibu mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.